Nakshi za katari ya Kihindi: tazama kwanza dhahabu ilivyoshikishwa

"Asalaam aleikum. Marehemu babu yangu alikuwa karani wa tajiri mmoja wa Kihindi hapa Mombasa, na alipostaafu mwaka 1957 alizawadiwa silaha ya ajabu ambayo sasa iko mikononi mwangu. Haina mpini wa kawaida: kuna vyuma viwili vilivyo sambamba, na katikati yake vimekingama vishikio viwili, hivyo ukiishika mkono unakaa kama wa kupiga ngumi. Bapa lake ni pana, la pembe tatu, na pande zote mbili limechongwa wanyama: ndovu, swala, na simba au chui anayemrukia swala. Kwenye vile vyuma viwili kuna maua ya rangi ya dhahabu, lakini yamefutika sehemu nyingi, na chini yake imebaki mikwaruzo myembamba inayopishana kama wavu wa dagaa. Upande wa ndani kuna herufi zilizopigwa kwa nukta nukta. Muuza vitu vya kale ameniambia kuwa hii ni silaha ya mfalme wa Kimughali, kwamba dhahabu imejazwa ndani ya chuma, na kwamba zile nukta ni hirizi. Sonara naye ananishauri nisugue mikwaruzo kwa msasa laini ili yeye aipake dhahabu upya. Ala yake ya mahameli imechakaa, nafikiria kuitupa. Naomba kujua: nakshi hizi ni za lini, zina maana gani, na niisafishe vipi?"

Wa aleikum salaam. Nianze na msasa, kwa sababu hilo ndilo lisilosubiri: usiuguse kabisa. Mikwaruzo unayoiona si uharibifu uliofanywa na mtu baadaye, bali ni kazi ya fundi mwenyewe, na ni ushahidi bora kuliko yote uliyonieleza. Maswali yako mengine nayo yanajibika vizuri zaidi tukianzia hapo, maana watu wengi hukimbilia kuuliza ua au mnyama ana maana gani kabla hawajajua nakshi imeshikishwaje kwenye chuma, na picha moja ileile inaweza kuchorwa na fundi wa mwaka 1650 au wa mwaka 1950.

Silaha yako huitwa katari. Abu'l Fazl, mwandishi wa Mfalme Akbar wa Wamughali, ukoo wa Kiislamu uliotawala sehemu kubwa ya India, aliitaja miongoni mwa silaha za karne ya 16 kwa jina la jamdhari. Ni silaha ya Bara Hindi hasa, na ule mpini wa kukingama ndio unaoitambulisha: nguvu ya mkono mzima hupita moja kwa moja kwenye bapa, na vyuma viwili vya pembeni hulinda kiganja. Ndivyo vyuma hivyo, pamoja na shina la bapa, vinavyompa fundi wa dhahabu uwanja wake.

Nakshi yako, kwa jinsi ulivyoieleza, ni koftigari. Fundi wa koftigari huanza na chuma kilicholainishwa. Huchukua kisu kidogo kigumu au tindo nyembamba, akakikata chuma kwa mistari iliyobanana sana upande mmoja, kisha akaikatiza kwa mistari ya upande wa pili, na mara nyingi tena kwa mshazari, mpaka uso mzima ukawa na vimeno ambavyo jicho tupu halivioni vizuri. Hapo ndipo huchora ua lake, akaulaza uzi mwembamba wa dhahabu juu ya mchoro, akaupigapiga kwa nyundo ndogo. Dhahabu safi ni laini. Ikipigwa huingia kati ya vimeno na kung'ang'aniwa humo bila gundi wala kulehemu. Mwisho chuma hupashwa moto wa kiasi hadi kigeuke samawati au hudhurungi, na dhahabu husuguliwa kwa jiwe la akiki ikalala na kung'aa. Mikono ikiishika silaha hiyo kwa vizazi, na vitambaa vikaifuta, dhahabu hulika na vimeno hubaki. Chukua lenzi ya sonara inayokuza mara 10 na uangalie mahali ambapo ua limefutika: mara nyingi utaona punje za dhahabu zimebaki ndani ya mistari, na ukizifuata kwa utulivu zitakuonyesha petali na shina vilipopita. Msasa utaziondoa zote kwa muda wa kunywa kahawa.

Kwa hiyo muuzaji wako amekosea aliposema dhahabu imejazwa ndani ya chuma. Kazi hiyo ipo, na Wahindi huiita tehnishani, lakini ni nyingine. Ndani yake fundi huchimba mfereji wenye umbo la ua lenyewe, akaupanua kidogo chini kuliko juu, ndipo akausukumia uzi mnene wa dhahabu au fedha usiweze kutoka. Dhahabu ya tehnishani ikidondoka huacha mfereji safi wenye kingo kali, na chuma kinachouzunguka hubaki laini, bila vimeno. Hutumia dhahabu nyingi na muda mwingi, kwa hiyo bei yake ilikuwa juu tangu ilipotengenezwa. Wapo mafundi waliochanganya, wakaweka tehnishani kwenye maua makubwa na koftigari kwenye mapambo ya pembeni. Ukilikagua kila ua peke yake utajua kama hali yako ni hiyo.

Ziko pia njia mbili za kupaka dhahabu ambazo ni vyema uzitofautishe na hizo. Ya zamani ni ile ya zebaki: dhahabu huyeyushwa katika zebaki, ikapakwa, kisha moto ukaifukuza zebaki na kuacha utando. Ya pili ni ya umeme, ambayo iliingia katika biashara tangu miaka ya 1840. Zote mbili huacha utando unaoshuka hata ndani ya vishimo vya kutu, jambo ambalo uzi uliopigwa kwa nyundo hauwezi kulifanya. Ukiona dhahabu imetanda juu ya kutu ya zamani, basi imepakwa baada ya kutu. Na hilo ndilo sonara wako anataka kufanya. Simlaumu, kwa sababu kazi yake ni kukifanya kitu kionekane kipya, lakini akimaliza utakuwa na katari ya kale yenye dhahabu ya mwaka huu, na hakuna mtaalamu atakayeweza tena kukusomea iliyokuwapo.

Sasa, ni ya lini? Koftigari peke yake haitoi tarehe, maana imefanywa kwa karne kadhaa na bado inafanywa Udaipur na Jaipur, miji ya Rajasthan huko India. Kinachosaidia ni mwendo wa mkono wa fundi. Mwaka 1620 Mfalme Jahangir, mwana wa Akbar, alikwenda Kashmir wakati wa maua, akapendezwa nayo mno, na mchoraji wake Mansur akayachora moja moja. Katika enzi ya mwanawe Shah Jahan, aliyetawala kuanzia 1628 hadi 1658, ua la namna hiyo lilienea kwenye majengo, mazulia, vitambaa na silaha: mmea mmoja, aghalabu mpopi au irisi, umesimama wima kwa shina lake, petali zinaelekea kuanguka, na pembeni yake pameachwa nafasi tupu. Nafasi hiyo tupu ndiyo ninayoitafuta mimi kwanza. Kazi nyingi za karne ya 19 haziiachi. Hujaza kila pembe kwa vijani vilivyojipinda, vidogo, vinavyorudiwa kwa kipimo kimoja, kwa sababu mnunuzi wa wakati huo alilipia wingi wa dhahabu aliouona.

Na mnunuzi mwenyewe alikuwa amebadilika. Waingereza walipoitwaa Punjab mwaka 1849, mafundi wa Sialkot na wa Kotli Loharan iliyo jirani, waliokuwa wakinakshi silaha na deraya, walipoteza sehemu kubwa ya wateja wao. Wakageukia sinia, visanduku na fremu za picha. Maonyesho makubwa ya London ya mwaka 1851 yaliwafungulia Wazungu hamu ya vitu hivyo, na sheria ya silaha ya mwaka 1878 ikazidi kubana umilikaji wa silaha kwa Wahindi wa kawaida. Katika mazingira hayo mapanga na majambia mengi ya zamani yaliyokuwa na mipini mitupu yalitiwa koftigari mpya ili yauzike kwa wageni au yapendeze kwenye gwaride za watawala wa kienyeji. Ndiyo maana huwa nasisitiza kuwa bapa na dhahabu si lazima viwe na umri mmoja. Kupambwa upya si ughushi. Ni sehemu ya maisha ya silaha, ila tarehe mbili zisichanganywe kuwa moja.

Michongo ya bapa ni ushahidi mwingine, na hapa pia mkono hutangulia picha. Fundi wa tindo hukichimba chuma kuwazunguka wanyama, kwa hiyo mnyama huinuka na sakafu inayomzunguka huwa na alama fupi za tindo, kila moja na mwelekeo wake. Kazi ya tindikali, ambayo ndiyo ya bei rahisi siku hizi, huacha sakafu yenye vichomo sawasawa na kingo zilizolegea, hata jicho la ndovu linakuwa doa tu. Tazama pia kingo za bapa na ncha. Katari iliyotengenezwa kwa vita huachiwa makali matupu pande zote mbili, nafasi ya kutosha kunolewa bila kuwagusa wanyama, na ncha yake mara nyingi hunenepeshwa ili ipenye fulana ya vikuku vya chuma. Ikiwa wanyama wako wanafika hadi ukingoni na ncha ni nyembamba, basi aliyeitengeneza hakutarajia ipigane. Ukiona mawimbi hafifu ya kijivu ndani ya chuma, na mawimbi hayo yanapita juu ya mgongo wa ndovu na kushuka tena kwenye sakafu bila kukatika, hapo una bahati: hicho ni chuma cha pua cha wutzi, kilichoyeyushwa katika vyungu vidogo vya udongo huko kusini mwa India na kwenye uwanda wa Dekani, ambacho mawimbi yake hutokana na chembe ngumu zenye kaboni zilizojipanga ndani ya chuma chenyewe. Mawimbi ya kuchorwa kwa tindikali hukaa juu ya ngozi tu.

Kuhusu maana ya wanyama hao, picha za namna hii huitwa shikargahi, yaani mandhari ya mawindo, na zilipendwa sana na Warajputi, koo za wapiganaji wa kaskazini magharibi mwa India. Kuwinda, kwa mtawala wa Kirajputi, kulikuwa sehemu ya kazi ya kutawala; michoro ya ikulu ya Kota imejaa mawindo ya chui milia, na jirani zao wa Bundi waliithamini katari kiasi cha kuiweka kwenye sarafu zao. Mnyama mkali anayemrukia swala ni picha ya kale ya nguvu ya mfalme iliyoenea kutoka Uajemi hadi India. Mtazame kichwani na ubavuni: mwenye manyoya ya shingo ni simba, mwenye mistari ni chui milia, ingawa wapo mafundi ambao hawakuwahi kumwona yeyote kati yao na matokeo yake hayafanani na mmoja wala mwingine. Lisilofaa ni kuichukua picha hiyo kuwa kumbukumbu ya mawindo fulani ya mtu fulani. Karakana zilichonga mandhari hizo kwa mazoea, na mnunuzi alichagua.

Alama chache ndizo zinazoelekeza mahali kwa uhakika zaidi. Jua lenye uso wa binadamu ni alama ya Mewar, watawala wa Udaipur waliojihesabu wa ukoo wa jua. Samaki wawili huelekeza Awadh, ufalme wa kaskazini ambao mji wake mkuu ulikuwa Lucknow. Mistari ya chui milia iliyofanywa pambo ni ya Tipu Sultani wa Mysore, aliyeuawa Srirangapatna tarehe 4 Mei 1799, na kwa sababu jina lake huuza, alama hiyo inaghushiwa kuliko zote. Vichwa vya yali, mnyama wa kubuni aonekanaye kwenye nguzo za mahekalu, ni vya kusini. Katari za huko, hasa zilizotoka katika ghala la Tanjore, aghalabu zina kinga ya chuma inayofunika mgongo wa mkono, na nyingine zina bapa za Ulaya zilizoletwa kwa biashara na kufungwa kwa ribiti. Yako haina kinga hiyo, na michongo yake ni ya mawindo. Kwa maelezo yako pekee naegemea Rajasthan, bapa la karne ya 18 au ya 19, na dhahabu ya karne ya 19. Picha nzuri zinaweza kunibadilisha mawazo.

Nisisitize pia kwamba nakshi haitaji dini ya mmiliki. Wasomaji wa pwani wakiona "Nasrun minallahi wa fat-hun karib", aya ya Sura As-Saff ambayo hupatikana mara kwa mara kwenye silaha za Kihindi, huamua mara moja kuwa mwenye silaha alikuwa Mwislamu. Warajputi Wahindu walihudumu katika majeshi ya Wamughali kwa vizazi, mafundi Waislamu walifanya kazi katika ikulu za Kihindu, na zawadi za silaha zilivuka kila mpaka. Aya hukuambia zaidi kuhusu karakana na mtoaji kuliko kuhusu kiuno kilichobeba.

Zile nukta si hirizi. Kwa uzoefu, herufi za nukta zilizopigwa mahali pasipoonekana sana, kwa ndani ya chuma cha pembeni, ni alama za ghala la silaha: namba ya orodha, jina la ghala, mara nyingine habari ya ilikotoka. Mashuhuri kuliko zote ni za Bikaner, ufalme wa Kirajputi huko Rajasthan, zilizoandikwa kwa Kidevanagari, mwandiko wa Kihindi, na baadhi yake hueleza kuwa silaha ilitekwa Adoni, ngome ya Dekani, mwaka 1689, Maharaja Anup Singh wa Bikaner alipokuwa kamanda katika jeshi la Wamughali. Sikwambii kuwa yako ni ya huko. Alama hizo nazo huigwa. Nakwambia tu kuwa kati ya yote yaliyomo kwenye katari yako, nukta hizo ndizo zinazoweza kutaja mahali kwa jina, na muuzaji alizipita kwa neno moja.

Dai lake la mfalme wa Kimughali basi halina mguu. Muuzaji humweka mfalme palipokosekana karatasi. Una karatasi bora zaidi, ikiwa ipo: ushahidi wa mwaka 1957. Kama kuna barua ya kustaafu, picha ya siku hiyo, au mzee wa familia anayekumbuka, viandike na kuviweka pamoja na katari, kwa sababu vinaiondoa katika kundi kubwa la katari zilizotengenezwa kwa watalii miaka ya baadaye. Haviiondoi katika kundi la zile zilizotengenezwa kwa wageni wa mwanzoni mwa karne ya 20, hilo ulikubali.

Usafi. Usitumie ndimu, magadi, majivu wala dawa ya kung'arishia shaba. Vaa glavu, kwa maana jasho la mkono lina chumvi na huacha alama za vidole zinazogeuka kutu. Futa vumbi kwa brashi laini, kisha pitisha kitambaa cha pamba chenye tone la mafuta mepesi ya mashine kwenye chuma kitupu tu, ukiikwepa dhahabu. Hewa ya Mombasa ni adui mkubwa kuliko miaka: ihifadhi katika kisanduku kinachofunga vizuri pamoja na vifuko vya silika, na uvibadilishe vikishajaa unyevu. Kutu nyekundu inayobanduka, au dhahabu inayoinuka ukingoni ukiigusa kwa brashi, ni mpaka wako. Hapo simama na umwachie mhifadhi.

Yako mambo ambayo hayawezi kuamuliwa kwa maandishi. Makumbusho ya Fort Jesus yako jirani nawe, na wahifadhi wa makumbusho wamezoea chuma kilichoishi katika hewa ya bahari. Waombe waitazame kabla hujamruhusu mtu yeyote kuifanyia kazi. Ukitaka kujua kama ile ni dhahabu au shaba, kipo kipimo cha miale ya eksirei kisichokwaruza chochote. Usikubali kuchanjwa wala kutonewa tindikali. Makusanyo ya Victoria and Albert na Wallace mjini London, na ya Metropolitan mjini New York, yameweka picha za katari zao bure mtandaoni, nazo zitakufundisha jicho kuliko maneno yangu. Zile herufi zipige picha gizani, taa ikiwa imelazwa ubavuni karibu kugusa chuma, mara nne kutoka pande nne, ili kila nukta itupe kivuli chake. Mtu anayesoma Kidevanagari ataweza kuanza kazi na picha hizo.

Ala usiitupe. Mahameli yakioza, mbao za ndani hubaki, na zaidi ya hapo hubaki kile kikofia cha chuma cha kwenye ncha. Kiangalie kwa lenzi ileile. Ikiwa kina koftigari, na maua yake yamechorwa na mkono uleule wa mpini, vimeno vimebanana kwa kiasi kilekile na vijani vinajipinda kwa namna moja, basi ala na mpini vilinakshiwa pamoja kuwa seti moja, na mhifadhi atakuwa na vipande viwili vya kupimia tarehe badala ya kimoja. Itenge na bapa, maana ngozi na kitambaa kuukuu huvuta unyevu na kuutia kwenye chuma, uifunge kwa karatasi isiyo na tindikali, na uende nayo siku hiyohiyo.